Mifuniko ya Makasha ndani ya Chombo cha Tanga

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya kitu ambacho kwa mtazamo wa kwanza chaonekana kuwa kidogo mno, hakistahili wino wala karatasi. Kitu hicho ni mfuniko wa kasha lililomo ndani ya chumba cha chombo cha tanga. Labda wako watakaouliza, "Je, Mwalimu amekosa neno la kuandika?" Twawaomba wavumilie kidogo. Wako wengi katika jamaa yetu ya Kikristo wasafirio baharini pamoja na wake zao na watoto wao, wengine kwenda arusini au kwenye ubatizo, wengine kuwatazama wagonjwa, wengine kutafuta riziki. Na kwa ajili ya mfuniko mmoja usiofungwa, mtoto mdogo alikuwa karibu kufa mbele ya macho yetu wenyewe. Na lawama ya jambo lile, kama tutakavyoeleza, sehemu yake ilikuwa juu yetu.

Kwanza hatuna budi kueleza namna ya chombo chenyewe, maana wasomaji wa bara hawakijui. Jahazi na mashua za pwani yetu kwa kawaida hazina chumba cha namna hii. Shehena hulala ngamani, imepangwa na kufungwa, na abiria huketi juu yake. Lakini viko vyombo vidogo vya tanga vilivyoundwa kwa namna ya Kizungu, vyenye sitaha iliyozibwa na chumba chini yake. Ndani ya chumba kile, kila ubavu una kiti kirefu cha mbao, na usiku kiti hicho ndicho kitanda. Kwa kuwa nafasi ni haba, chini ya kiti pamejengwa makasha ya kuwekea vyakula, zana, nguo na kamba. Kasha hufunguliwa kwa juu. Ubao wa kukalia umekatwa tundu la mraba, na tundu limezibwa kwa mfuniko uliochongwa uingie sawasawa. Kisha juu yake hutandikwa godoro. Mara nyingi mfuniko ule haukufungwa kwa kitu cho chote. Wakaa mahali pake kwa uzito wake, na uzito wa godoro, na uzito wa mtu aketiye.

Katika chombo cha namna hiyo tulisafiri sisi, majira ya kusi, kutoka Tanga kwenda Wete katika kisiwa cha Pemba, mwendo wa karibu maili 40 za bahari. Tulikuwa watu saba: nahodha, baharia wake, fundi seremala aliyekuwa akienda kazini, mzee mmoja wa kanisa, mama mmoja na mwanawe wa miaka minne, na sisi tuandikao haya. Kabla ya kutweka, tulichukua sanduku letu la bati, lililojaa vitabu vya nyimbo na katekisimu kwa ajili ya Wakristo wa kule, tukalitia katika kasha moja. Uzito wake ulikuwa kama kilo 20. Tukaurudisha mfuniko, tukatandika godoro, tukaketi juu yake, tukaona ya kuwa tumeiweka amana yetu mahali pa salama.

Hata jua lilipopanda, upepo ulizidi nguvu. Ulikuwa ukivuma kutoka kusini, na sisi twaelekea mashariki. Kwa hiyo chombo kililalia upande wake wa kushoto. Kasha lenye vitabu vyetu lilikuwa upande wa joshi, yaani upande wa upepo, ambao sasa ulikuwa juu. Mama na mtoto walikuwa wamekaa upande wa demani, ambao ulikuwa chini, wameegemea ubavu wa chombo. Sisi tulikuwa tumeondoka katika kiti chetu ili tumsaidie baharia kupunguza tanga.

Mara likaja wimbi moja kubwa kuliko wenziwe, likatupiga kwa ubavu, likavunjika juu yetu. Chombo kikalala hata mlingoti ukakaribia maji. Kikakaa hivyo kwa muda wa pumzi tatu au nne, kisha uzito wa risasi uliomo katika mkuku wake ukakivuta, kikasimama tena. Muda ule ulikuwa mfupi, lakini ulitosha. Mifuniko yote ya upande wa joshi iliondoka mahali pake, na vitu vyote vilivyokuwamo vikavuka chumba kwa hewa. Sanduku letu la vitabu lilipiga ubao wa ubavuni kwa pembe yake, likaacha shimo la kuingia kidole gumba. Dakika moja kabla yake, kichwa cha mtoto kilikuwa pale pale. Mama yake alikuwa amemvuta kifuani kwa sababu alitaka kutapika. Mzee wetu alipigwa na debe la mafuta ya kupikia begani, mtulinga ukavunjika.

Wala taabu haikuishia hapo. Gunia la mchele lilikuwa limepasuka, na mchele ukashuka chini ya mbao za sakafu, pamoja na karatasi zilizobanduka katika makopo ya samaki. Maji yalikuwa yameingia kwa mlango, na baharia aliposhika bomba la kutolea maji ya ngamani, likavuta mara chache, kisha likaziba. Akalifungua, akalisafisha, akalirudisha, likaziba tena. Ikawa hapana njia ila ndoo. Tulikumba maji kwa muda wa saa mbili na zaidi, huku mzee akiugua kitandani, na mama akiimba taratibu ili mtoto asiogope. Tuliingia Wete kabla ya magharibi. Mzee alipelekwa hospitali, akafungwa mkono, na baada ya majuma sita akawa mzima.

Asubuhi yake chombo kilipokuwa kimekaa mchangani, nahodha alikuja kwetu kwa huzuni, akasema, "Mwalimu, mifuniko ile ni mizito. Mmoja hauinuliwi na mtoto. Nani angedhani ya kuwa itaruka?"

Fundi, aliyekuwa akiutazama mfuniko mmoja mkononi mwake, akamjibu, "Nahodha, uzito huvuta chini tu. Chombo kilipolala, chini ilihama. Kilichokuwa dari kikawa ukuta, na kilichokuwa ukuta kikawa sakafu. Mfuniko umefanya kama ulivyoagizwa: umekwenda chini."

Ndugu, neno hilo ndilo shina la mambo yote tutakayoyasema. Mfuniko usio na komeo umefungwa kwa muda ule tu chombo kisimamapo wima. Siku ya shwari huonekana umefungwa, na siku ya tufani, ambayo ndiyo siku ya haja, hauna kitu kinachoushika. Tena kadiri ulivyo mzito, ndivyo unavyozidi kuwa nyundo. Wala kasha haliwi adui kwa sababu lina vitu vibaya. Makopo ya chakula, nanga, betri, zana za fundi, hata vitabu vya nyimbo, vyote ni vitu vyema. Lakini kitu cha kilo 20 kikianguka toka upande mmoja wa chumba hata upande wa pili, hakiulizi kama aliyemo njiani ni mzee au mtoto.

Msidhani ya kuwa mambo hayo huwapata watu wa vyombo vidogo vya pwani yetu peke yao. Yamewapata na mabaharia wenye sifa katika bahari kuu. Mwaka 1957, tarehe 14 Februari, chombo cha tanga kiitwacho Tzu Hang kilikuwa kikisafiri katika bahari ya kusini, kikielekea Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika. Ndani yake walikuwamo Miles Smeeton na mkewe Beryl, pamoja na kijana mmoja fundi wa mbao, John Guzzwell. Wimbi kubwa likakiinua kwa nyuma, likakipindua, tezi ikapita juu ya omo. Milingoti yote miwili ikavunjika, kijumba cha juu ya sitaha kikang'oka, pakabaki shimo kubwa wazi. Bibi Smeeton, aliyekuwa akishika usukani, alitupwa baharini, akaogelea akarudi ijapokuwa ameumia. Chumba kilijaa maji, na mbao za sakafu zikawa zikielea pamoja na kila kitu kilichotoka mahali pake. Wakakumba maji kwa ndoo, na Guzzwell akaliziba shimo kwa mbao na nguo ya tanga. Nao wakaendelea hata wakafika pwani ya Chile. Katika shida ile yalikuwa mambo mawili yaliyowasaidia: mikono isiyokata tamaa, na zana zilizopatikana. Fundi mwenye akili, asipoziona nyundo na misumari yake kwa sababu zimetawanyika katika maji, atafanya nini?

Tena mwaka 1979, mwezi wa Agosti, vyombo 303 vilitoka Cowes, kusini mwa Uingereza, kushindana kwenda kuuzunguka mwamba wa Fastnet ulio karibu na Ireland, na kurudi Plymouth. Usiku wa kuamkia tarehe 14 tufani kali iliwashika njiani. Watu 15 katika mashindano yale wakafa. Vyombo 24 viliachwa na watu wake, na 5 vikazama. Baada ya hayo wakuu wa mashua za tanga walifanya uchunguzi, wakawauliza manahodha habari zao. Ikaonekana ya kuwa karibu nusu ya vyombo vilivyotoa habari vilikuwa vimelazwa hata mlingoti ukawa sawa na maji, na kama theluthi moja vilikwenda kupita hapo. Basi si jambo la mara moja katika miaka mia. Leo kanuni za mashindano ya bahari kuu, zitolewazo na chama kiitwacho World Sailing, zataka kila kitu kizito kilichomo ndani, kama betri, jiko, mtungi wa gesi, sanduku la zana, nanga na mnyororo wake, kifungwe hata kisiondoke mahali pake chombo kikipinduka juu chini.

Juu chini! Hicho ndicho kipimo tulichokichukua sisi na fundi kule Wete. Kwa muda wa siku nane tuliifanyia kazi mifuniko minane, na twapenda kuwaeleza tuliyoyatenda, pamoja na kosa tulilolifanya, ili mwenye chombo asome, na abiria ajue la kuuliza.

Kwanza, tuliyamwaga makasha yote. Tukashangaa kuona vitu ambavyo hapana aliyevihitaji: minyororo yenye kutu, mawe ya kunolea matatu, makopo ya rangi iliyokauka. Kitu kisichokuwamo hakiruki. Vilivyobaki vizito tukavishusha chini kabisa, karibu na mkuku na katikati ya chombo. Makasha ya juu tukayaachia nguo, mablanketi na vyombo vyepesi. Tena vile vizito sana, yaani betri, sanduku la zana na nanga ya akiba, tukavifunga ndani ya kasha lenyewe kwa mikanda iliyopigiliwa katika mataruma. Kwa njia hii kitu chenyewe kimefungwa, na mfuniko umekuwa mlinzi wa pili.

Pili, tukachagua namna ya kufunga. Fundi alitumia njia tatu, kwa kadiri ya mahali. Njia ya kwanza ni ya ulimi na komeo. Chini ya mfuniko, upande mmoja, alipigilia kipande cha mti mgumu kilichotokeza nje kama ulimi, kiingie chini ya ubao wa kiti. Upande wa pili akatia komeo la chuma. Hivyo mfuniko hushikwa pande zote mbili, wala haudai bawaba. Njia ya pili ni ya pingo. Palipokuwa na mifuniko mitatu katika mstari mmoja, alichonga mti mmoja mrefu, mwembamba, ukapita juu ya yote mitatu na kuingia katika vishikio vya chuma huku na huku, kama vile mlango wa nyumba zetu ufungwavyo usiku kwa pingo. Ukiliondoa pingo, yote mitatu hufunguka. Njia ya tatu ni ya mkanda mpana wa kufumwa, wenye kifungo cha kukaza, upitao juu ya mfuniko na kushikwa pande zote mbili. Huo ni rahisi kwa mtu asiye na fundi, maadamu miisho yake imefungwa mahali penye nguvu.

Ziko na njia nyingine zipendwazo na watu kwa sababu ni nyepesi, nasi twawaonya. Sumaku ndogo kama zile za milango ya kabati za nyumbani hazifai chomboni. Huachia kwa mshtuko wa kwanza. Kamba ya mpira hunyoosheka, na ikinyoosheka mfuniko hufunguka kiasi cha kutosha kopo kupita. Kipande cha mti kizungukacho juu ya parafujo moja chafaa kwa kasha la nguo, lakini si kwa kasha la makopo, kwa kuwa mtikisiko hukizungusha pole pole hata kikaachia chenyewe.

Tatu, na hapa ndipo tulipokosa. Kwa haraka tulizikaza makomeo za kwanza kwa parafujo fupi katika ubao mwembamba wa plaiwudi. Yalipendeza kutazamwa. Fundi akasema, "Tusiyasifu kabla ya kuyavuta." Akapitisha kamba katika tundu la mfuniko, akaifunga kijiti kwa chini, kisha yeye na baharia wakasimama juu ya kiti, wakavuta kwa nguvu zote. Komeo halikuvunjika, bali lilitoka zima zima pamoja na parafujo zake, na vumbi la ubao likaanguka. Tukafahamu ya kuwa nguvu ya komeo si chuma chake, bali ni kile kinachokishika chuma. Basi tukayaondoa yote, tukatoboa ubao kwa keekee, tukatia bolti zilizopenya hata upande wa pili, na chini ya kila nati tukaweka kibati kipana, na kipande cha mti mgumu palipokuwa pembamba. Tukavuta tena, hayakutoka. Kipimo chetu kilikuwa hiki: mfuniko uvumilie mvuto wa mara tatu ya uzito wa vitu vyote vilivyomo katika kasha, kwa sababu kitu kirukacho hupiga kwa nguvu kupita uzito wake kikiwa kimetulia.

Nne, tuliangalia kwamba kila komeo laweza kufunguliwa kwa mkono mmoja, gizani, pasipo ufunguo wala bisibisi. Watu wengine, wakisikia habari ya kufunga, hukimbilia kufuli. Hilo ni kosa la upande wa pili. Chini ya makasha mengine mna vali za kufungia maji ya bahari, na ubao wa ubavuni ulio chini ya maji. Maji yakiingia usiku, mtu hana wasaa wa kutafuta ufunguo. Tena komeo lisitokeze juu ya ubao, lisije likamchoma mwenye kulala. Fundi alichimba kwa patasi mahali pake likalala sawa na kiti. Na pale penye tundu la kutia kidole ili kufungua kwa chini, lifanyeni pana, maana chombo kikiruka na kidole kimo ndani, kidole huvunjika.

Tano, kila mfuniko ulifungwa kwa kigwe kifupi katika chombo, ili hata ukiwa wazi usiweze kwenda mbali. Mara nyingi tufani humkuta mtu akitafuta kitu, na mfuniko autoao na kuuegemeza kando ndio umpigao.

Sita, tulivitazama vilivyomo. Mchele, unga na maharagwe vikatiwa katika vyombo vyenye vifuniko vya kukaza. Karatasi za makopo tukazibandua, tukaandika jina la chakula juu ya bati kwa rangi. Chupa zikavishwa soksi kuukuu. Kazi hii ni ya akina mama na watoto pia, nao waliifanya kwa furaha. Lakini faida yake ni kubwa, kwa sababu bomba lisiloziba ni uhai.

Saba, tukakumbuka ya kuwa mbao za sakafu nazo ni mifuniko, mifuniko ya ngama. Nazo tukazifunga kwa makomeo, isipokuwa ile moja iliyo juu ya bomba, ambayo ilipewa mkanda wa kufunguliwa upesi. Na zile mbao zinazozuia maji mlangoni zikapewa kigwe, zisipotee chombo kikilala.

Kazi ilipokwisha, nahodha alifanya desturi mpya, nayo twaisifu. Kabla ya kung'oa nanga, mtu mmoja hutajwa kwa jina, naye hupita katika chumba na kuligusa kila komeo kwa mkono wake. Haitoshi kutazama. Komeo lililo karibu kufungwa hufanana sana na komeo lililofungwa. Kisha hupanda na kusema, "Yote yamegusiwa," ndipo tanga hutwekwa. Katika safari ya kurudi Tanga, mtoto yule wa miaka minne alimfuata baharia nyuma, akigusa naye kwa kidole kimoja kimoja. Bahari haikuwa ya huruma siku ile; tulilazwa mara mbili, si kama mara ya kwanza, lakini kwa kutosha. Tulisikia makopo yakigonga ndani ya makasha kama watu wapigao hodi. Hapana mfuniko ulioinuka, wala mtu hakuumia.

Sasa kuna neno moja lililosemwa barazani baada ya ibada, nasi hatuwezi kulipita kimya. Ndugu mmoja alisema, "Mungu ndiye aliyemwokoa mtoto yule. Basi ya nini kujisumbua na makomeo? Je, si kupungukiwa na imani?" Tulitafakari sana juu ya swali hili, kwa sababu aliuliza kwa moyo mwema. Hata sisi twaamini ya kuwa mkono wa Bwana ulikuwa katika kile kitendo cha mama kumvuta mwanawe. Lakini tulirudi tukasoma habari za Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo alikuwa ameahidiwa na Mungu ya kuwa hapana hata mmoja wa wale watu 276 atakayepotea. Je, kwa ahadi ile aliketi akafunga mikono? La. Alipowaona mabaharia wataka kutoroka, alimwambia akida ya kuwa wasipobaki chomboni hapana kuokoka. Akawasihi watu wale chakula ili wapate nguvu, na baada ya kula wakakipunguzia chombo uzito. Ahadi ya Mungu haikuondoa kazi ya mikono. Iliipa kazi ile tumaini. Vivyo hivyo Nuhu aliamini, na kwa sababu aliamini akaipaka safina lami ndani na nje kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka.

Tena iko tofauti kati ya kumtumaini Mungu na kuutumaini uzito wa mfuniko. Sisi wenyewe, siku ile tulipoliweka sanduku la vitabu na kuketi juu yake, tulidhani twamtumaini Mungu. Kumbe tulikuwa tukiitumaini bahari iliyotulia. Twakiri kosa hili mbele yenu, kwa sababu mwalimu akiwafundisha wengine kukesha, naye mzigo wake ukakaribia kumwua mtoto wa kundi lake, si haki anyamaze. Tulikwenda kwa mama yule, tukamwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, nimekwisha kusamehe. Lakini safari ijayo, funga."

Basi akina baba mlio na vyombo, msingoje kusi iwafundishe. Kazi hii hufanywa chombo kikiwa mchangani, mchana, kwa patasi na bolti chache. Haifanywi katikati ya mkondo. Akina mama, mkiingia chomboni na watoto, msione haya kumwuliza nahodha, kwa adabu, kama makasha yamefungwa. Nahodha mwema hatachukizwa, na asiye mwema heri mmjue mapema. Nanyi mlio bara, ambao hamtaiona bahari, tazameni nyumbani mwenu: kabati refu lisiloshikwa ukutani, sufuria ya maji ya moto pembeni mwa jiko, sanduku zito juu ya rafu ambapo chini yake mtoto hulala. Hivyo navyo vimekaa kwa uzito wake tu.

Bwana awalinde wote walio safarini, wa baharini na wa nchi kavu, naye atupe sisi sote mikono yenye bidii siku ya shwari.